Alama 5.9 na hasira za mashabiki: nani mwenye haki?

Tangu Oktoba 2025 ubishi huu haujaisha Mombasa, na kila ukidhani umelala, kuna wa kuuamsha. Tarehe 3 mwezi huo mwimbaji wa Marekani, Taylor Swift, alitoa albamu ya The Life of a Showgirl. Jarida la Rolling Stone likaipa nyota 5 kati ya 5. Gazeti la The Guardian la Uingereza likaipa nyota 2. Pitchfork, tovuti ya muziki ya Marekani ambayo hutoa alama kuanzia 0 hadi 10, ikaipa 5.9. Hiyo 5.9 imewachoma watu hata kuliko zile nyota 2, kwa sababu ni alama ya vuguvugu. Haisifu wala haitukani. Shabiki anajua la kumfanyia adui, lakini mtu aliyeisikiliza albamu nzima kisha akasema "si mbaya" hajui amfanye nini.

Utaukuta ubishi wenyewe saluni za Majengo, ndani ya matatu za Bamburi, na jioni kule Mama Ngina baina ya wasichana waliokaa wakila viazi karai. Kambi ni mbili. Moja yasema mhakiki ana chuki, na alama yake ni dharau kwa mwanamke aliyeuza karibu nakala milioni 3.5 Marekani kwa wiki moja ya kwanza, akaivunja rekodi aliyoiweka mwimbaji Adele mwaka 2015. Ya pili yasema mashabiki wamepofuka, wangesifu lolote atakaloimba. Mimi nasimama na mhakiki, ila si kwa sababu wanazozitoa hao wanaowakejeli mashabiki.

Hoja yangu ni hii, nanyi mnijibu: hakiki ya vuguvugu ni haki ya mhakiki, tena ina faida kuliko sifa tupu, na sisi wa Pwani tunaihitaji pengine kuliko hao Wamarekani. Anayeipinga aipinge kwa nyimbo.

Kwanza niwape mashabiki haki yao, maana wanayo, na wengi wanaowacheka hawaijui historia ya jambo lenyewe. Pitchfork haikuhakiki albamu ya Taylor Swift hata moja mpaka ilipotoka Reputation mwaka 2017. Kufikia hapo alikuwa na albamu tano nyuma yake, na mbili kati yake, Fearless na 1989, zilikuwa zimeshinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Linalouma zaidi ni kwamba mwaka 2015 mwanamuziki wa kiume, Ryan Adams, aliziimba upya nyimbo zote za 1989 kwa mtindo wake wa gitaa. Ile ya kwake wakaihakiki mara moja. Ya mwenye nyimbo ilingoja hadi 2019. Msichana wa Kisauni akikwambia kwamba muziki unaopendwa na wasichana huchukuliwa kuwa mambo ya kitoto, usimwambie anaota. Ana ushahidi.

Na namba zenyewe si wahyi. Oktoba 2021 Pitchfork walirudi nyuma wakabadilisha alama za albamu 19 walizokuwa wamezihakiki zamani. Born to Die ya Lana Del Rey ilipanda kutoka 5.5 hadi 7.8. Nyimbo zilikuwa zile zile, hakuna ala iliyoongezwa wala ubeti uliofutwa. Waliobadilika ni wasikilizaji. Kwa hivyo anayesema 5.9 ya leo huenda ikawa 7 baada ya miaka kumi hasemi uongo.

Lakini ukiyachukua hayo yote, bado hujathibitisha kwamba mhakiki wa albamu hii amekosea. Umethibitisha tu kwamba anaweza kukosea, na hilo ni la kila mwenye masikio. Hapa ndipo mashabiki wetu wanapoteleza: wanatoka kwenye dhuluma ya kweli ya zamani, wanaruka nyimbo, wanatua kwenye chuki. Na hoja ya mauzo haisaidii. Nakala milioni 3.5 zinaonyesha kwamba watu wamenunua, tena wengine wamenunua matoleo kadhaa ya albamu ile ile kwa ajili ya majalada tofauti. Mhakiki aliulizwa swali jengine kabisa: nyimbo zimekaaje?

Nawapa mfano niliouona kwa macho yangu. Binti wa ndugu yangu, mwanafunzi wa chuo, alinijia na simu mkononi. "Ami, tizama walivyomfanyia!" Kwenye kioo palikuwa na picha: jalada la albamu, na hiyo 5.9. Picha ilikuwa imekatwa chini, mstari wa kwanza wa maandishi umebaki ncha za juu za herufi tu, husomi neno. Nikamuuliza, "Wameandika nini?" Akasema, "Kuna haja gani, Ami? Si wamempa 5.9." Picha ile alitumiwa na rafiki yake wa Likoni, naye alitumiwa na mwengine, na katika mnyororo wote huo sidhani kama alikuwako aliyeifungua hakiki. Tukaitafuta, tukaisoma pamoja, yeye akisimama kila aya kubisha. Tulipofika mwisho hasira alikuwa nazo bado, lakini sasa zilikuwa na pa kushika. Alikuwa na mambo mawili anayoyapinga na moja analolikubali, ingawa kwa shingo upande. Mazungumzo yetu ya usiku ule yalikuwa matamu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya muziki.

Namba ndiyo inayotuchezea. Inasafiri peke yake, bila maneno yaliyoizaa, na mtu anaipokea kama matokeo ya mtihani wa mwanawe. Lau ningekuwa na uwezo ningeziondoa alama zote, mhakiki akabaki na maneno yake, asomwe au asisomwe.

Matokeo ya ghadhabu hizi si ya kubuni. Julai 2020 albamu ya Folklore ilipata 8.0 kwa Pitchfork, katika hakiki iliyoisifu. Mashabiki wakaona 8.0 haitoshi kwa kuwa ingeushusha wastani wa albamu kule Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kuzifanya namba moja. Wakaitafuta anwani ya nyumba ya mhakiki na namba yake ya simu, wakazianika, mama wa watu akapigiwa simu na kutishwa. Kwa kusifu! Machi 2021 albamu hiyo hiyo ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka, na 8.0 haikuizuia chochote. Mwaka 2024 jarida la Paste lilipohakiki The Tortured Poets Department lilichapisha bila jina la mwandishi, likaeleza kwamba mwandishi wao aliyehakiki albamu ya Lover mwaka 2019 alitishiwa kudhuriwa. Mhakiki asiye na jina hawezi kuulizwa, hawezi kujibizana nawe, na kesho hutajua kama ni yule yule aliyekosea jana. Vitisho vya mashabiki vimewanyima mashabiki wenyewe mtu wa kubishana naye.

Kuna hoja nyengine isiyokufa: asiyeimba asihakiki. Wasanii wenyewe wameitumia. Mwimbaji Lizzo wa Marekani, baada ya Pitchfork kuipa albamu yake alama ya wastani mwaka 2019, aliandika kwamba wanaohakiki albamu bila kufanya muziki wao wenyewe wafutwe kazi. Kwa Mombasa hoja hii ni ngeni mno. Nani asiyejua namna taarabu ilivyohukumiwa hapa? Enzi za Juma Bhalo, Mola amrehemu, watu waliojaa ukumbini wengi wao hawakuwahi kushika kipaza sauti. Lakini ubeti ukigonga utamwona mama anainuka kitini, anakwenda taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji noti, anarudi. Ubeti usipogonga, hainuki mtu. Mwimbaji yuko pale pale, anaziona noti na anaviona viti. Ile ilikuwa hakiki, tena ya papo hapo. Na baraza za washairi zilikuwa kali zaidi: mizani ikipungua moja utaambiwa mbele ya watu kwamba shairi lako ni guni, na hakuna aliyeuliza kama anayekwambia ana diwani yake.

Wala ushabiki wa kambi haukuletwa na simu. Bibi zetu wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, walikuwa na vikundi vya Banu Saada na Ibinaal Watan, na mji mzima ukajua nani yuko upande gani. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu, na zaidi kwa nyimbo. Kabla yao mshairi Muyaka bin Haji, enzi za watawala wa Mazrui, alitupiana mashairi na washairi wa Lamu wakati risasi za kweli zilipokuwa zikilia. Sisemi zamani palikuwa peponi. Nyimbo za lelemama ziliwavua watu nguo hadharani, na wapo walioumia. Lakini ushindani ule uliwalazimu watu kutunga. Ukitaka kumjibu mwenzio ulipaswa kukaa, kutafuta vina, na kuleta kitu kinachosikilizika. Kumtumia mhakiki tusi hakuhitaji chochote, na hakukubakishii chochote.

Sasa nije nyumbani, maana ndiko ninakoumia. Msanii wa Pwani akitoa wimbo leo anasikia nini? Redioni ni moto, ni noma, ni hatari. Watangazaji wanasifu kwa sababu msanii ni rafiki, au ni mtoto wa mtaa, au kwa sababu kesho watamhitaji kwa tamasha. Nimemsikia mtangazaji mmoja akisema kwa upole kwamba wimbo mpya wa kijana wa hapa una sauti nzuri lakini maneno yalihitaji kazi. Upole mtupu. Akatukaniwa mama wiki nzima, na tangu hapo kila wimbo kwake ni moto. Kijana yule naye katoa nyimbo nyengine, na maneno ni yale yale, mapenzi, mpenzi, moyo, usiniache. Nani amwambie? Tuna mji uliozaa muziki wa bango wa Mzee Ngala, tuna vijana wenye koo ambazo Nairobi na Dar es Salaam wanazionea gere, na hatuna watu watano wanaoandika kila wiki, kwa Kiswahili, kwamba albamu hii nusu yake ni nzuri na nusu yake ilitoka jikoni mbichi. Pengo hilo limenifanya niitetee hakiki ya mtu wa mbali nisiyemjua.

Nami nisimame kwenye nyimbo, nisije nikawa nawahimiza wengine wafanye nisilolifanya. Lawama ya wahakiki wengi juu ya The Life of a Showgirl ni kwamba Swift alirudi kwa Max Martin na Shellback, mafundi waliomtengenezea baadhi ya vibao vyake vikubwa, watu wakangoja vibao vya namna ile, na maneno yakawa mepesi kuliko walivyomzoea. Kwenye maneno naafikiana nao kwa sehemu. Eldest Daughter ina misemo ya mitandaoni ambayo mwakani itakuwa imechacha. Na Wood, kwa sikio lililolelewa na taarabu, ni fumbo lisilofumbwa. Sioni aibu juu ya mada yake, nyimbo za harusini kwetu zina mazito kuliko hayo. Ila kwetu mtunzi mzuri hukufanya ucheke kisha ndipo uelewe ulichekea nini, na mama mkweo aliye kando anaweza kujifanya hakusikia. Wood haimpi mama mkwe nafasi hiyo.

Lakini kwenye Ruin the Friendship nawapinga wote wanaoipita mbio wakihesabu kasoro za albamu. Unadhani ni wimbo wa mapenzi ya shule, msichana anamtamani rafiki yake na anaogopa kuuharibu urafiki. Muziki ni mwepesi, unakubembeleza. Kisha inakuja simu, na yule kijana ameshafariki, na ule uoga wote wa mwanzo unageuka kuwa majuto ambayo hayana wa kuambiwa. Hakupandisha sauti hata kidogo. Muziki unaendelea vile vile kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo unapokatika maini. Mtunzi aliyeweza hayo hajaishiwa. Kwa wimbo huo, na kwa The Fate of Ophelia inayoufungua mlango wa albamu kwa besi isiyokuacha ukatulia, mimi binafsi ningeitetea albamu hii mbele ya mhakiki yeyote, na kwa Wood angenishinda.

Ubishi wa namna hiyo ndio ninaoutaka hapa. Kambi ya mashabiki, acheni kuniambia ameuza ngapi. Nitajieni wimbo mmoja uliodhulumiwa, na mahali ulipodhulumiwa. Kambi ya wanaowacheka, nanyi nitajieni mlioisikiliza albamu mpaka mwisho ni wangapi. Na anayeona Pwani hatuhitaji wahakiki, kwa kuwa msanii mchanga huvunjika moyo haraka, hoja hiyo naiheshimu na ningependa isemwe na msanii mwenyewe: ulipotoa wimbo wako wa kwanza, kuna aliyekwambia kilichokuwa kimepungua? Na ulikisikia wapi, redioni au nyumbani?