Dalali alisema saa ya mzee imechoka, kumbe kule kupauka ndiyo pesa yenyewe!

Wakuu, nawasalimu kutoka Mtwara. Nina hasira, kwa hiyo nitaandika zinavyokuja. Atakayechoka apite.

Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Mwaka 1994 meli yao ilitia nanga Singapore, akanunua Rolex GMT-Master II, saa ya safari inayoonyesha saa za sehemu mbili, toleo la 16710 lenye bezeli (ile pete inayozunguka uso) nyekundu na bluu ambayo watu huiita Pepsi. Aliivaa mpaka akastaafu akarudi Mikindani, na huko akawa anaingia nayo kwenye mashua. Bezeli ya toleo lile ni alumini, rangi yake huliwa na jua. Baada ya miaka ya chumvi, nyekundu ikawa kama bibo lililokauka, bluu ikaelekea kijivu. Alama za tritiamu usoni, yaani zile za kuwaka gizani, zilizokuwa nyeupe, zikageuka rangi ya siagi.

Msimu wa korosho uliopita akaja dalali mmoja kutoka Dar. Simtaji, anajijua. Akaishika, akaguna. "Bosi, hii imechoka. Chuma kina mikwaruzo, bezeli imepauka, usiku haiwaki. Mtu wa hadhi yako unavaaje hii?" Na mimi kichwa kikavimba! Akaihesabia milioni 6, nikaongezea pesa za minada ya misimu miwili, nikakabidhiwa mpya: 126710BLRO, toleo lililotoka 2018.

Mwezi uliopita nimeiona ya mzee mtandaoni. Herufi za jina lake ziko nyuma kwenye mfuniko, alizichonga mwenyewe. Bei ni mara tano ya ile niliyohesabiwa, na muuzaji anajisifia kabisa: bezeli imepauka kwa jua, chuma hakijawahi kusuguliwa. Yale yale niliyoambiwa ni uchakavu! Nikampigia dalali, akasema mali ikishatoka mkononi imetoka. Nilipopiga tena, nikakuta kanibloku.

Hiyo mpya siisingizii. Mashine yake, 3285, inakaa saa 70 bila kuvaliwa. Naivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi naikuta inatembea, wakati ile 3185 ya mzee ilikuwa inazima baada ya saa 50 hivi. Mkanda wa zamani pingili zake zilikuwa na uwazi, ukiutikisa unalia kama njuga. Huu umejaa chuma kitupu, na kwenye kifungo unaurefusha milimita 5 mkono ukivimba kwa joto, na joto letu mnalijua. Maji, zote mita 100.

Lakini bezeli ni seramiki. Haipauki! Nitazeeka, nitazikwa, wajukuu wataikuta inang'aa vile vile kama sahani ya harusini. Jua la Mtwara limeshindwa kuweka hata alama. Halafu inameta mno, pingili za katikati utadhani vioo. Ya mzee nilipanda nayo bodaboda usiku, watu wakidhani nimeiokota mtumbani. Hii nikikaribia stendi naivua natia mfukoni. Sasa saa ya safari usiyoweza kusafiri nayo ni saa gani?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Popote mzee alipokuwa, mshale wa saa 24, ule wa ziada unaozunguka mara moja kwa siku, aliuacha kwenye saa za nyumbani, akawa anasogeza ule wa kawaida tu kila bandari. Bezeli, ambayo ina namba za saa 24, aliizungusha robo, ile pembetatu ya juu inayosimama badala ya 24 ikakaa palipo na tarehe. Hapo mshale unasoma saa ya Kiswahili: Mikindani ikiwa saa mbili asubuhi, unaonyesha 2. Usiku ukisoma 14, wewe toa 12, upate saa mbili. Saa hizi zilianzia kwa marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, miaka ya 1950, nani angewaambia kwamba Mmakonde ataitumia kujua mkewe sasa hivi anatia nazi kwenye mboga?

Kwenye mpya ni rahisi zaidi, nakiri. Bezeli inalia mara 24 kwa mzunguko, ukihesabu milio sita umefika. Nimeiweka hivyo tangu juzi. Kila nikiitazama naona hasira tu.

Kama uliyeinunua ya mzee uko humu, nifuate inbox tuongee bei. Na tafadhali, hata kama hutaki kuuza, usiipeleke kwa fundi akaibadilisha bezeli.