Mafundi acheni kudanganya shule, kompyuta isiyo na diski SIYO mbovu!!

Wakuu salama? Leo nimekuja na hasira, mnivumilie tu. Shule yetu imepata msaada wa kompyuta 24 za mezani kutoka Ulaya, used, Core 2 Duo zenye RAM 2GB, diski zimetolewa hukohuko maana wenyewe hawataki taarifa zao zizagae duniani, na hilo ni kawaida kabisa. Monita zipo, kibodi zipo, mashine ziko fiti. Akaitwa fundi, kaangalia dakika mbili tu, eti hizi bila diski ni maiti, kila moja inunuliwe diski na yeye aweke Windows, na hela aliyotaja hiyo shule haina na haitakuwa nayo mwaka huu.

Nikamwambia kaka hizi zinawaka kwa mtandao, zinavuta kila kitu kutoka kwenye seva moja. Kabisha weee, mwisho kaingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) kawasha PXE, yaani ile njia ya kuwaka kwa mtandao, vile vinukta vya DHCP (mashine ikiomba anwani ya mtandao) vikatembea kwenye kioo, kisha ikatoka namba ya kosa, PXE-E53. Akageuka kwa mkuu wa shule, "umeona mama, kadi ya mtandao imekufa".

IMEKUFA VIPI JAMANI?? E53 maana yake mashine imeshapata anwani, ila hakuna aliyeitajia jina la faili la kuwakia. Kadi iliyokufa inapokeaje anwani? Waya ukiwa haujashika inatoka E61, na kama hakuna DHCP yoyote iliyojibu inatoka E51, mbona maandishi yako pale pale kwenye kioo mtu asome! Kilichotokea ni kwamba aliyejibu ni ruta ya intaneti, na ile inagawa anwani tu, habari za faili haizijui. Unaweka programu ya dnsmasq kwenye seva kama proxy, yaani msaidizi wa DHCP, ruta inaendelea na kazi yake, seva inataja faili na kulituma kwa TFTP (njia nyepesi ya kutuma faili), unaweka LTSP juu yake, mfumo wa Linux wa kuwasha mashine nyingi kutoka seva moja, basi. Hata ruta huigusi.

Na sio vitu vya jana hivi. TFTP ipo tangu 1981, PXE 2.1 Intel waliitoa 1999, LTSP nayo ikaanza mwaka huohuo 1999. Mtu anajiita fundi mtandao mpaka leo hajavisikia halafu anachaji shule ya kata!

Kingine betri. Umeme ukikatika mashine inasahau mpangilio wote inarudi kutafuta diski, yeye anasema bodi imeungua. Hiyo ni CR2032 imeisha, betri ya bei ya soda, badilisha uwashe PXE tena.

Pointi yake moja tu ndiyo ya kweli, seva ikizima darasa zima linazima. Sawa, si tununue UPS moja nzuri na swichi ya gigabit kuliko diski 24? Maana na swichi ile ya zamani wanafunzi wakiwasha wote kwa pamoja watasubiri sana.

Sasa nasikia Jumatatu anakuja na diski zake na karatasi ya malipo. Mimi ndiye mwalimu wa TEHAMA na sisaini. Kama kuna mtu hapa yuko Morogoro na ameshafunga LTSP kwa mikono yake aje PM, nataka mkuu wa shule azione zinawaka kabla ya hiyo Jumatatu.