Baba aliyetoweka miaka sita anaweza kumdai mtoto Krismasi hii?

Dada mtu, Moshi: Wadau, naomba mnisikilize. Mdogo wangu anaishi Pasua. Talaka ilitolewa Mahakama ya Mwanzo binti yao akiwa na miaka mitatu. Mwanaume akahamia Mirerani kwenye madini, simu akazima. Hakuna ada, hakuna hata daftari. Sasa mtoto ana miaka tisa, na ghafla umeingia ujumbe: mtoto apande Machame Krismasi akaonwe na ukoo, na eti "tangu afikishe saba ni wetu." Mimi nasema asahau. Nyie?

Mzee wa Marangu: Mwanangu, punguza hasira. Baba kakosea, lakini mtoto ni wa ukoo. Ana jina la babu yake, na kihamba, shamba letu la ukoo, kiko palepale. Akikua akiuliza kwa nini hawajui shangazi zake, utamjibu nini?

Dada mtu: Shikamoo mzee wangu. Kihamba kwa binti, tangu lini?

Mama Kiborloni: 😂😂 Mzee kaza moyo.

Baba wa Sakina, Arusha: Mnaongea kana kwamba kila baba amekimbia. Mimi natuma hela kila mwezi na mwanangu simwoni. Nikienda naambiwa amelala. Saa kumi jioni! Mkizoea kuwafungia baba wabaya mlango, na sisi tunafungiwa.

Msaidizi wa kisheria, Arusha: Hilo la miaka saba nalisikia kila wiki, na linapotoshwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, na hata hapo mtu anaweza kupinga kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba siku akitimiza saba anahamia kwa baba. Jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama inaangalia matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza, na mila. Mila zimo, mzee wangu, ila hazikai mbele.

Lakini dada, na wewe usishangilie. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye anapotaka, ilimradi masomo hayavurugiki. Haki ni ya mtoto. Kwa hiyo mama hawezi kusema "lipa kwanza ndipo umwone." Matunzo yanadaiwa kivyake: kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinambana baba awe anaishi na mtoto au la.

Mama Kiborloni: Kwa hiyo miaka sita ya ukimya ni bure tu?

Msaidizi wa kisheria: Si bure. Hakimu atauliza mtoto anamfahamu vipi huyu mtu. Kwa maoni yangu, anayerudi hivi aanze kwa saa chache, hapahapa Moshi, afisa ustawi akijua. Kumpandisha Machame wiki nzima kwa mtu asiyemkumbuka sura, hapana. Na wakija kumchukua kwa nguvu, Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa anayemlea kihalali.

Baba wa Sakina: Hapo nakubali. Ila huyo binti ameulizwa?

Dada mtu: Nimemuuliza jana. Anataka kuwaona binamu zake, kulala huko hataki. Mama yake hata hilo la kuonana halitaki. Jumatatu nitamburuta mpaka ustawi wa jamii. Waliowahi kwenda: hukumu ya talaka na cheti cha kuzaliwa vinatosha, au kuna kingine?