"Mbunifu mkuu" ameita kidirisha cha onyo TEMBO, halafu mimi ndiye fundi bomba??!!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, hata chai sijanywa. Herufi zikikosewa mnivumilie, mikono inatetemeka.

Simtaji. Hana haja ya kutajwa, nyote mnamjua. Yule wa skafu shingoni ndani ya Dar hii hii ya Februari. Yule ukikutana naye kwenye lifti anakushushia mhadhara wa rangi mpaka unapitiliza ghorofa yako.

Tuna disaini sistimu, ghala moja la vitufe, fomu na vidirisha, kila timu ichote humo badala ya kujichorea upya. Majina nimeweka mimi: KitufeKikuu, KitufeGhairi, KitufeFuta, KidirishaOnyo. Mtu asiyejua kitu akisoma tu anajua anachukua nini.

Leo bwana mkubwa anafungua orodha kwenye lile luninga la kikaoni, anaguna. Anafuta KidirishaOnyo kwa mkono wake mwenyewe, anaandika Tembo. Eti tembo akisimama njiani humpiti, lazima umalizane naye kwanza. Halafu ananigeukia: "Nyie maprograma hamna sikio. Haya ni majina ya fundi bomba."

FUNDI BOMBA. Mbele ya kikao kizima. Mbele ya dogo wa fildi aliyekuja juzi tu, akacheka mpaka andazi likamtoka puani.

Sasa hivi kitufe kikuu ni Simba, cha kughairi Swala, cha kufuta Chui. Orodha ya kushuka ni Twiga, nadhani kwa ajili ya shingo, sijauliza. Ofisi imekuwa Mikumi. Na huyo Simba kaandikwa kwa herufi ndogo, eti inatuliza macho. Mnaotumia React, ile maktaba ya kuundia kurasa za wavuti, mnajua kinachofuata: jina likianza na herufi ndogo inalichukua kama tagi ya kawaida ya HTML, komponenti yako, yaani kipande ulichojiundia, haiiti kabisa. Ukurasa wa malipo umekaa bila kitufe cha kulipia. Na aliyepigiwa simu kuulizwa ni nani? Fundi bomba!

Uzi tayari. Shukeni naye.

MlaMhogo: Nimewahi siti ya mbele.

MtuWaMrima: Punguza povu mkuu. Mimi niko upande wa dogo wa fildi.

ShangaziKibodi: Pole mdogo wangu. Mwambie hata Bootstrap, ghala la vipande vya kurasa kama hilo lenu, walikuwa na visanduku vya panel, well na thumbnail, kila siku watu wanauliza kipi kinatumika wapi. Toleo la 4, mwaka 2018, wakafuta vyote vitatu wakaweka card moja. Jumbotron, lile bango kubwa la juu ya ukurasa, nayo ikaenda na maji toleo la 5, 2021.

MtuWaMrima: Shangazi, unampelekea historia mfugaji wa tembo?

Mleta uzi: Shangazi nashukuru, ila hamjanielewa. Kasema FUNDI BOMBA. Na dogo kacheka.

KokiNusuInchi: Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ngapi sijui. Tusi liko wapi? Nikimtuma kijana Gerezani akaniletee elbo ya nusu inchi na soketi mbili, anarudi na elbo ya nusu inchi na soketi mbili. Hajawahi kurudi na chui.

MlaMhogo: 😂😂😂 Mods fungeni uzi, fundi kamaliza.

Mleta uzi: Mkuu Koki sikukusudia kukudharau wewe. Nazungumzia namna alivyolitamka. Ungemsikia! Na lile skafu.

KokiNusuInchi: Umeliandika kwa herufi kubwa mara mbili kama jina la ugonjwa.

JamaaWaUX: Mnacheka Tembo, mbona wakubwa hamwasemi? Vijiujumbe vya kupita kwenye skrini, Android ilianza na Toast, 2015 wakaleta Snackbar, na menyu ya mistari mitatu dunia nzima ni hambaga. Huyo wenu angalau kaja kazini ameshiba.

ShangaziKibodi: Afadhali wanyama. Sisi tuna KitufeKijani, kampuni ikabadili nembo, sasa KitufeKijani ni zambarau. Kukibadili jina hawataki, kimetumika kila mahali. Kila mgeni akiajiriwa anadhani kompyuta yake ina kasoro.

BaharIaMstaafu: Hayo yenu madogo. Dalali kanipeleka Sinza kuona "chumba masta". Choo kiko nje, tunachangia na kinyozi. Namuuliza umasta uko wapi, ananionyesha feni.

MlaMhogo: Hahaha madalali! Mimi niliambiwa "dakika mbili kutoka lami". Labda kwa helikopta.

KokiNusuInchi: Hizo masta nyingi nazitengeneza mimi. Mwenye nyumba anaweka sinki bila kuunganisha maji, anapiga picha, anapandisha bei.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kitufe cha kulipia mpaka sasa hakijarudi, na jamaa ametuma meseji kwenye kundi la kazi anataka tumtafutie mnyama wa kisanduku cha kutafutia.

MtuWaMrima: Fisi.

JamaaWaUX: @BaharIaMstaafu hicho cha Sinza wanataka bei gani?

BaharIaMstaafu: Laki mbili na nusu, miezi sita mbele.

ShangaziKibodi: Na choo nje?? Eti anachangia na kinyozi?

JamaaWaUX: Nipe namba ya dalali PM. Feni inafanya kazi?