Kupandisha toleo la vSphere Replication na SRM: kituo kipi kitangulie, na nini husababisha unakilishaji kuanza upya?

Msimamizi wa Mifumo (mwuliza swali)

Habari za kazi, ndugu zangu.

Nasimamia mifumo ya chama cha akiba na mikopo ambacho kituo chake kikuu cha data kipo Dar es Salaam na kituo cha akiba kipo Dodoma. Tuna mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva halisi) zipatazo 60, zenye jumla ya terabaiti 12, ambazo hunakiliwa kwenda Dodoma kila baada ya dakika 15 kwa vSphere Replication, programu ya unakilishaji ya VMware, na mipango ya urejeshaji inasimamiwa na Site Recovery Manager (SRM). Bado tunatumia vSphere 7, toleo la programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 2 Oktoba 2025, na uongozi umeridhia tuhamie vSphere 8.

Kinachonitia hofu ni njia ya mawasiliano kati ya vituo, ambayo ni ya megabiti 100 kwa sekunde. Ikiwa programu mpya italazimika kunakili kila kitu upya, kwa hesabu yangu kazi hiyo itachukua zaidi ya siku 11 hata kama njia yote ingekuwa yetu peke yetu, na katika siku hizo akaunti za wanachama zitakuwa hazina nakala ya kutegemewa mahali pengine. Mshauri mmoja ametuelekeza tufute unakilishaji wote, tusakinishe programu upya, kisha tusanidi mashine moja baada ya nyingine. Ninasita kumkubalia. Naomba kujua nianze na kituo kipi, kipi kitangulie kati ya programu ya unakilishaji na vCenter (programu kuu ya kusimamia vSphere), na ni mambo gani hasa yanayofanya unakilishaji uanze upya.

Mhandisi wa Seva

Ndugu Msimamizi, kusita kwako ni kwa haki. Ukisimamisha unakilishaji wa mashine kwa kuufuta, diski za nakala zilizopo Dodoma nazo hufutwa, isipokuwa umechagua wazi kwamba zibakizwe. Kwa terabaiti 12 na njia mliyonayo, kufuata ushauri huo ni kujiondolea ulinzi kwa hiari, tena bila sababu, kwa kuwa kifaa pepe cha vSphere Replication (mashine pepe maalumu inayobeba programu hiyo) hupandishwa toleo papo hapo kilipo kupitia ukurasa wake wa usimamizi kwenye poti 5480, na mipangilio ya kila mashine hubaki kama ilivyokuwa.

Kuhusu vituo, anza na Dar es Salaam. Wengi hudhani ni salama zaidi kuanza na kituo cha akiba kwa kuwa hakuna wateja huko, lakini fikiria kazi ikiharibika katikati. Kituo kikuu kikikwama wakati kinapandishwa toleo, Dodoma itakuwa bado nzima, na unaweza kuendesha urejeshaji wa dharura kutoka huko. Ukianza na Dodoma na ikaharibika, kisha Dar es Salaam ikapatwa na jambo lolote usiku huohuo, huna pa kukimbilia.

Kuhusu programu, tafuta kwenye jedwali rasmi la ulinganifu la VMware toleo la vSphere Replication na la SRM ambayo yanakubaliana na vCenter 7 mliyonayo na pia vCenter 8 mnayoiendea. Pandisha hayo kwanza, vCenter ifuate, na hosti za ESXi, yaani seva halisi zinazoendesha mashine pepe, ziwe za mwisho. Hakikisha pia kwamba toleo mlilo nalo linaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye hilo jipya, kwa sababu si kila toleo linaruka hadi lolote. Huenda mkahitaji kupitia toleo la katikati. Mkitafuta faili za kupakua, kumbukeni kwamba baada ya Broadcom kuinunua VMware mwezi Novemba 2023, SRM ilibadilishwa jina, na matoleo mapya yanaitwa VMware Live Site Recovery.

Mtaalamu wa Hifadhi

Naongezea pale alipoishia Mhandisi, kwa kuwa swali la kunakili upya linahitaji mtu aelewe data inapita wapi.

Katika njia ya kawaida ya vSphere Replication, mabadiliko ya diski hayapiti kwenye kifaa pepe cha Dar es Salaam. Yanatoka moja kwa moja kwenye hosti ya ESXi inayoendesha mashine, yanaelekea kwenye kifaa pepe cha Dodoma kupitia poti 31031, na hicho ndicho kinachoyaandika kwenye hifadhi ya huko. Kifaa cha Dar es Salaam ni cha usimamizi tu. Kwa hiyo kikiwa kinapandishwa toleo, hutaweza kubadili mipangilio, lakini data inaendelea kwenda. Ni wakati wa kupandisha kile cha Dodoma ndipo mtiririko hukatika kweli.

Hata ukikatika, hakuna kinachopotea. Kila diski inayonakiliwa ina faili ndogo yenye kiambishi cha psf pembeni yake, ambamo hosti huandika ni sehemu zipi zimebadilika na bado hazijatumwa. Kifaa cha Dodoma kikirudi, hutumwa hizo tu. Tuseme kazi imechukua saa 6 na mabadiliko yaliyojilimbikiza ni gigabaiti 60: kwa megabiti 100 kwa sekunde zitahitajika dakika 80 kuyamaliza, mkiipisha njia yote. Fanyeni hesabu hiyo kwa takwimu zenu halisi kabla ya kuomba muda wa matengenezo, na ombeni muda unaojumuisha kulimaliza deni hilo, si muda wa usakinishaji peke yake.

Kinachosababisha ulinganishaji kamili ni faili hiyo kutokuaminika tena, na mfano mkubwa ni hosti kuzimika ghafla. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hosti zipandishwe moja moja, kila moja ikiwekwa kwanza katika hali ya matengenezo ili mashine zihamishiwe hosti nyingine bila kuzimwa kwa vMotion, kwani katika uhamisho huo kumbukumbu ya mabadiliko huhama pamoja na mashine. Na hata ulinganishaji kamili ukitokea, si lazima terabaiti 12 zisafiri: pande zote mbili husoma diski nzima, hulinganisha alama za ukaguzi za vipande, na vilivyotofautiana ndivyo hutumwa. Gharama huwa kwenye usomaji wa hifadhi, kwa hiyo hifadhi ya Dodoma ikiwa ya diski za kuzunguka tegemeeni kazi ndefu. Zile siku 11 ulizohesabu zitakuja tu mkifuta nakala.

Mkaguzi wa TEHAMA

Niseme jambo ambalo hupuuzwa sana katika kazi hizi. Endesheni jaribio la mpango wa urejeshaji kabla ya kugusa chochote, na mlirudie baada ya kila kituo kukamilika na vituo kuunganishwa upya. Jaribio la SRM huwasha mashine kwenye mtandao uliotengwa na halisimamishi unakilishaji, hivyo hakuna kisingizio. Alama ya kijani kwenye skrini inathibitisha kwamba data imefika; haithibitishi kwamba hifadhidata ya mikopo itafunguka.

Kama mna seva za ziada za unakilishaji zilizoongezwa kugawana mzigo, nazo zinapandishwa kila moja peke yake baada ya kifaa kikuu. Angalieni pia tarehe za vyeti vya usalama na ulinganifu wa saa za vifaa vyote, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo hukwamisha uunganishaji wa vituo.

Na nakala hizi zisichukuliwe kuwa bakapu. Data ikisimbwa na wahalifu Dar es Salaam, baada ya dakika 15 itakuwa imesimbwa Dodoma pia. Kabla ya usiku wa kazi, pawepo bakapu kwenye mfumo tofauti, na mtu awe amerejesha angalau mashine moja kutoka humo.

Msimamizi wa Mifumo

Nawashukuru sana. Tutapandisha toleo bila kufuta chochote. Naomba kuuliza jambo moja la mwisho: nimeona matoleo mapya yana njia iliyoboreshwa ya unakilishaji inayoweza kushusha muda hadi dakika 1. Je, tuiwashe usiku huohuo?

Mtaalamu wa Hifadhi

Hapana, ndugu yangu, iacheni kwa sasa. Katika njia hiyo, hosti za Dar es Salaam hutuma data moja kwa moja kwa hosti za Dodoma kupitia poti 32032, ikiwa imesimbwa, kwa hiyo watu wa mtandao watatakiwa kubadili kanuni za faiawoli kwa kila hosti ya pande zote mbili. Mkifanya hayo pamoja na kupandisha toleo kisha unakilishaji ukagoma, hamtajua tatizo limetoka upande gani. Malizeni vSphere 8 kwenye hosti zote, mhakikishe zile dakika 15 zinatimizwa hata katika saa za kazi nyingi za mwisho wa mwezi, kisha chagueni mashine moja isiyo na uzito mkubwa muihamishie kwenye njia mpya. Kwa megabiti 100, hifadhidata yenye miamala mingi huenda isiimudu dakika 1 kabisa, na hilo mtalijua kwa kupima kiasi cha mabadiliko yake kwa kila dakika.