Wakurugenzi wa kampuni: nani anafanya nini?

Mchuzi_wa_Zabibu:
Habari wakuu. Tunasajili kampuni ya kusindika zabibu hapa Dodoma, wanahisa watatu. Mmoja ataendesha kiwanda, wawili wana kazi zao Singida. Wote waitwe wakurugenzi? Tofauti ni ipi?

Katiba_ya_Kampuni:
Mkuu, wote wanaweza. Anayeendesha kiwanda kila siku ni mkurugenzi mtendaji: anaajiri, ananunua zabibu, analipwa mshahara, kwa hiyo mwandikieni mkataba wa ajira. Wa Singida ni wasio watendaji. Kazi yao ni kuhoji hesabu, kupitisha bajeti na kumsimamia mtendaji. Hulipwa posho ya kikao. Ila kutokuwepo kiwandani hakuwapunguzii wajibu kisheria. Hapa wengi hukosea, wanasaini hesabu bila kuzisoma.

Bodi_na_Muhtasari:
Naongeza. Mkurugenzi akiwa na maslahi kwenye mkataba, mfano shamba lake ndilo linauza zabibu kiwandani, lazima aitangazie bodi, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mkurugenzi mbadala, yaani anayekaa kikaoni kwa niaba ya mkurugenzi asiyekuwepo, mteueni tu kama katiba ya kampuni inaruhusu. Na yule mzee asiyeandikwa popote lakini wakurugenzi wanafuata maagizo yake? Sheria inaweza kumhesabu kuwa mkurugenzi.

Katiba_ya_Kampuni:
Kweli kabisa. Na akijiuzulu mmoja, peleka taarifa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) ndani ya siku 14. Mkichelewa, jina lake linabaki kwenye daftari na benki itaendelea kumtambua.

Mchuzi_wa_Zabibu:
Asanteni sana. Shamba ni la mtendaji wetu, tutaliandika.