Naonana na mwekezaji wiki mbili zijazo, nina slaidi 34 na logo yenye simba. Nisaidieni

Mtoto_wa_Kilindoni: Habari wakuu. Mimi na mshkaji wangu tuna boti moja hapa Mafia, tunapeleka wageni kuogelea na papa potwe, sasa tumepata mtu Dar anataka kutia hela tuongeze boti ya pili na tovuti mgeni abuki mwenyewe maana mawakala wanatumaliza na kamisheni. Katupa dakika 15. Slaidi ninazo 34, historia ya Mafia tu imekula 9 😅. Logo katuchorea dogo mmoja, ina simba, Kilimanjaro, jua linazama, jahazi, na potwe kwa chini. Nipunguze nini?

chaki_na_rangi: Simba Mafia?? Ungeweka kiboko ningekuelewa, viboko mnao, huyo simba kapanda boti gani pale bandarini Nyamisati kuja kisiwani. Mgeni akiona simba na mlima anajua ni walewale wa Arusha, unajificha mwenyewe. Potwe ana madoa meupe mgongoni kama taa za mji usiku, na kila mmoja ana mpangilio wake, hata watafiti wanawatambua kwa hayo, sasa logo unatafuta wapi tena? Madoa, rangi mbili, basi. Halafu iweke profaili ya WhatsApp umpe mama aiangalie bila miwani. Mimi niliwahi kumchorea mteja jahazi zuri sana kwenye kompyuta, fundi rangi alipolihamishia ubavuni mwa boti mistari myembamba yote ikapotea, likabaki kama kandambili.

mzee_wa_hesabu: Logo mtamaliza baadaye. Mimi nakaa upande wa wanaoombwa hela. Slaidi 10 zinatosha, na ya kwanza iwe video fupi mgeni anajitupa majini na wewe umenyamaza. Nitakachokuuliza ni safari moja ya kweli, yenye tarehe, ukishatoa petroli, nahodha, ada na kamisheni mlibaki na shilingi ngapi. Usinipe wastani wa kichwani. Halafu potwe ni Oktoba mpaka Februari hivi, kusi likianza kuvuma hiyo boti ya pili itakula nini? Kama ni kupeleka watu Juani kuona kasa wakianguliwa, au kuzamia Chole Bay, sema na weka bei. Na ile slaidi ya utalii wa Tanzania unaingiza mabilioni toa kabisa, hayo mabilioni sio yako.

dada_makaratasi: Nyongeza tu, jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili, watu wanasajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara huku bara, wanadhani na logo imelindwa. Na kama mnawaza kuuza Zanzibar, alama ya bara haivuki maji, kule inasajiliwa BPRA, wakala wao wa usajili. Leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, tembea nayo, utaulizwa.

Mtoto_wa_Kilindoni: Shukrani sana wakuu, simba nimeshamfukuza. Jana usiku nimekaa na daftari la nahodha, msimu huu tumetoka safari 41, ila 6 potwe hatukumuona kabisa na mbili kati ya hizo wageni walidai hela zao. Hizi 6 nizitaje au nikae kimya?

mzee_wa_hesabu: Zitaje, tena slaidi ya tatu. Na useme siku hizo mgeni mlimpa nini badala yake.

Mtoto_wa_Kilindoni: Madafu na pole 😂 ngoja nikae na mshkaji tulipange hilo kwanza.